Nimekariri kila kitu cha Jiografia, na bado nimepata D

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni binti wa miaka 17, naishi na wazazi wangu kaskazini ya Uingereza. Tulihamia huku nikiwa mdogo, na Kiswahili ndiyo lugha yetu ya nyumbani, kwa hiyo unisamehe nikiteleza. Niko mwaka wa 12, yaani mwaka wa kwanza wa kidato cha sita kama wanavyokiita hapa. Masomo yangu ya A level, mitihani ya kumaliza kidato cha sita, ni Jiografia, Biolojia na Historia. Bodi yetu ya mitihani ya Jiografia ni AQA.

Jiografia nimeipenda tangu GCSE, mitihani ya kabla ya kidato cha sita, na nilipata 8 kati ya 9. Nikadhani A level itakuwa vilevile, ila na mambo mengi zaidi ya kukumbuka. Basi nikatengeneza kadi za kila mada: mzunguko wa maji na kaboni, pwani, majanga, miji, utandawazi. Kila mfano tuliofundishwa naujua, tarehe zake, gharama zake, idadi ya waliokufa. Ukiniamsha usiku ukaniuliza tetemeko la Haiti lilikuwa la ukubwa gani, nitakujibu macho yakiwa yamefumba.

Mtihani wa majaribio umerudi wiki iliyopita. D. Insha ya alama 20 kuhusu ulinzi wa pwani nimepata 8, na niliandika kurasa tatu! Mwalimu wangu ameandika pembeni kwa kalamu ya kijani: "Unaelezea tu. Jibu la swali liko wapi?" Rafiki yangu, ambaye hana hata kadi moja, ameandika ukurasa mmoja na nusu akapata 15. Mwalimu, nililia chooni.

Jambo la pili ni ule utafiti binafsi, sehemu ya A level ya Jiografia. Darasa letu lilikwenda pwani ya Holderness, mashariki ya Uingereza, na sasa kila mtu achague swali lake. Mimi nilipendekeza "Mabadiliko ya tabianchi yanaathiri vipi pwani ya Holderness?" Nimeambiwa ni pana mno, nifikirie upya kabla ya likizo ya kiangazi. Sielewi. Kuna mada gani iliyo muhimu kuliko hiyo?

La tatu ni baba. Ameiona D. Anasema Jiografia ni somo la kujua miji mikuu, nitaajiriwa na nani, kuchora ramani? Anataka niiache, Septemba nianze Kemia, nije nisomee ufamasia. Mama mbele yake ananiambia nimsikilize baba, lakini ni yeye aliyenipa anwani yako. Ufamasia sijawahi kuutaka. Ninachokitaka sikijui sawasawa, ila mambo ya mito na mafuriko yananivuta.

Niache au niendelee? Na nikiendelea, nasomaje?

Binti wa Kadi

*

Marahaba, binti yangu. Kiswahili chako hakina neno. Wapo waliokulia kwetu wasioandika hivi.

Nianze na D yenyewe, maana ndiyo inayowanyima usingizi nyote watatu. Mtaala mnaousoma ulianza kufundishwa Septemba 2016, na tangu hapo A level ya Jiografia inapimwa mwishoni mwa miaka miwili. D ya majaribio haitaonekana popote kwenye cheti chako. Itaonekana kwingine: walimu huiangalia wanapokadiria utapata alama gani mwishoni, na makadirio hayo ndiyo yanayokwenda vyuo vikuu kupitia UCAS, shirika linalopokea maombi ya kujiunga navyo, ukiwa mwaka wa 13. Kwa hiyo si ya kupuuza, ila pia si msiba. Muda wa kuirekebisha unao, lakini muda huo unaisha vuli hii, usijidanganye kwamba una hadi kiangazi cha mwakani.

Sasa insha. Sijaiona, lakini kwa maneno saba ya mwalimu wako na kurasa zako tatu, nadhani naijua. Insha ya alama 20 kwenye bodi yenu imegawiwa nusu kwa nusu: 10 za kujua, 10 za kukitumia unachokijua kujibu swali lililoulizwa. Msahihishaji husoma yote kwa pamoja, kisha huiweka insha kwenye moja ya ngazi nne. Ngazi ya pili inaanzia 6 hadi 10, na humo ndimo wanamokaa watoto wenye bidii wanaomwaga kila walichonacho. Wewe umekaa katikati yake. Rafiki yako yuko juu kabisa ya ngazi ya tatu. Hajakuzidi ujuzi, pengine anajua nusu ya unachokijua. Amekuzidi kwa sababu kila alichokiandika kilikuwa na kazi.

Nikuonyeshe ninachosema. Tuseme swali lilikuwa: "Ulinzi wa pwani huleta matatizo mengi kuliko unayoyatatua. Unakubali kwa kiasi gani?" Mtu wa kadi ataandika hivi:

"Mappleton ni kijiji kidogo kwenye pwani ya Holderness. Mwaka 1991 zilijengwa hapo kuta mbili za mawe zinazoingia baharini, kwa gharama ya karibu pauni milioni 2. Lengo lilikuwa kulinda kijiji na barabara ya B1242. Kusini yake, kwenye mashamba ya Great Cowden, mmomonyoko uliongezeka."

Sentensi zote nne ni za kweli, na hakuna hata moja inayojibu swali. Msomaji anaachiwa aunganishe mwenyewe, na msahihishaji mwenye karatasi mia mbele yake hatakufanyia kazi hiyo. Sasa soma hii:

"Kwa wakazi wa Mappleton mradi ulifaulu, kwani kijiji kipo na barabara inapitika. Lakini zile kuta hazikuzalisha mchanga. Zilinasa tu mchanga uliokuwa njiani kwenda kusini. Ufukwe wa Great Cowden ulipokonda, mawimbi yakaanza kulifikia genge la udongo bila kizuizi, na mashamba yakaliwa kwa kasi zaidi. Tatizo halikutatuliwa, lilihamishwa kutoka kwa wengi kwenda kwa wachache. Kama huko ni kufaulu au la, inategemea unapimia wapi: kijijini, au kwenye pwani nzima."

Umeona pauni milioni 2 zimetoweka? Sikuzihitaji. Ningezihitaji kama ningekuwa nabishana juu ya gharama, kwamba kuihamisha barabara kungegharimu zaidi, na kwamba mashamba hayakuwa na thamani ya kutosha mbele ya watu wa hesabu. Hapo zingerudi. Mwaka 1991 nao ungerudi kama ningetaka kusema ni miaka mingapi tumekuwa tukiyaona matokeo. Takwimu huitwa inapohitajika, na isipohitajika ikae nje hata kama uliihenyea usiku kucha kuikariri. Najua hilo linauma.

Na hilo neno la mwisho, "unapimia wapi", lishike vizuri. Ndilo ninalolitafuta kwanza ninaposoma insha ya kidato cha sita, na mara nyingi silipati. Wanajiografia wanasema skeli, yaani ukubwa wa eneo unalolitazama. Pwani ya Holderness ni udongo wa mfinyanzi wenye mawe, ulioachwa na barafu ya kale, na ni laini kiasi kwamba bahari inaula kwa karibu mita 2 kwa mwaka kwa wastani, miongoni mwa kasi kubwa kabisa barani Ulaya. Ukisimama kwenye ukingo wa genge ukamtazama mkulima ambaye uzio wake unaning'inia hewani, jibu ni rahisi: zuieni bahari. Lakini pwani ya England na Wales imegawanywa katika seli kubwa 11 za mashapo, yaani vipande ambamo mchanga na udongo unaobebwa na maji huzunguka humohumo, na ndani ya seli moja mchanga wa huku ndio ufukwe wa kule. Mashapo ya Holderness husukumwa kusini na kuilisha rasi ya Spurn, ule ulimi mwembamba wa mchanga kwenye mdomo wa mto Humber. Ukiilinda pwani yote kwa mawe, Spurn itakula nini? Mkulima ana haki, na anayeizungumzia Spurn ana haki. Insha nzuri inawasikiliza wote wawili halafu inaamua. Insha yako, naogopa, iliwataja wote wawili na kusonga mbele.

Jaribu swali hilohilo la skeli kwenye mada zako nyingine. Kiwanda kikihama kutoka nchi tajiri, nani anafaidika: mteja, mfanyakazi wa kule, serikali, mji uliobaki na majengo matupu? Msitu ukipandwa kilimani, hewa ya kaboni inapungua kwa dunia nzima, ila maji ya mto yanaweza kupungua kwa kijiji cha chini. Usingoje mwalimu akufundishe hili kwa kila mada. Ukishalizoea utalifanya bila kufikiri.

Twende kwenye Haiti yako ya usiku. Ukubwa ulikuwa 7.0, tarehe 12 Januari 2010. Vizuri. Wiki chache baadaye, 27 Februari mwaka huohuo, Chile ilipigwa na tetemeko la 8.8. Watu wengi husoma namba hizo mbili kana kwamba zimepishana kidogo tu. Lakini kila hatua moja kwenye kipimo hicho ni nishati mara 32 hivi, kwa hiyo tetemeko la Chile lilitoa nishati mara 500 hivi ya lile la Haiti. Chile walikufa watu kama 525. Haiti makadirio yanaanzia kama 100,000 na kupanda hadi zaidi ya 300,000, idadi iliyotolewa na serikali.

Sasa hapo ndipo kadi zako zinapoanza kulipa. Kama nguvu ya ardhi ingekuwa ndiyo inayoua, Chile ingekuwa kaburi. Basi kuna kingine. Chile ilikuwa na sheria za ujenzi zinazofuatwa na historia ndefu ya matetemeko yaliyowafundisha. Haiti kitovu kilikuwa karibu kabisa na mji mkuu uliofurika watu, kwenye nyumba za zege lisilo na nondo za kutosha. Hapo hoja imezaliwa: janga linatengenezwa na binadamu kabla ardhi haijatikisika. Ila usikimbilie umaskini peke yake. Umbali wa kitovu na kina cha tetemeko navyo vina sehemu yao, na mwanafunzi anayekumbuka kuvitaja anaonekana kuwa ametulia. Na mbona hiyo idadi ya Haiti inapishana hivyo? Nani alihesabu, na alikuwa na sababu gani ya kuhesabu juu au chini? Sentensi moja ya namna hiyo ndani ya insha, moja tu, inamwonyesha msahihishaji kwamba hukumeza takwimu mzima mzima.

Kadi usizitupe. Zigeuze. Nyuma ya kila moja, badala ya kuongeza tarehe nyingine, andika kwa kalamu hoja mbili zinazoweza kutetewa na mfano huo, moja ya kuunga mkono na moja ya kupinga. Mfano usioweza kutetea hoja yoyote uweke kando. Utashangaa utabakiwa na chache, na hizo chache utazijua kuliko unavyozijua zote sasa.

Kuhusu muda sitasema mengi. Karatasi yenu ni ya saa mbili na nusu kwa alama 120, maana yake insha ya alama 20 ina dakika 25. Kurasa tatu kwa dakika 25 ni mbio, na nina hakika kuna maswali ya alama 4 na 6 uliyoyaacha njiani. Kabla hujaanza aya ya kwanza, andika jibu lako kwa sentensi moja pembeni. Sentensi hiyo isipopatikana, bado hujalielewa swali.

Utafiti binafsi sasa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu wengi hawajui uzito wake. Ni asilimia 20 ya A level nzima, sawa na nusu ya karatasi moja ya mtihani, na unaufanya bila saa ukutani. Mtu aliyepata D kwenye majaribio anaweza kuinua alama yake yote kwa utafiti huu. Mnashauriwa maneno 3,000 hadi 4,000. Data mnaweza kukusanya kwa kikundi, lakini swali, uchambuzi na hitimisho ni vyako mwenyewe, na mwalimu haruhusiwi kukusahihishia rasimu ukaandika upya. Ndiyo maana anakubana kwenye swali. Pendekezo ndipo mahali ambapo bado anaweza kukusaidia.

Swali lako halina ubaya wa kimaadili, lina ubaya wa hesabu. Tabianchi hupimwa kwa wastani wa miaka 30. Wewe ulikuwa ufukweni kwa siku moja, na futi kamba. Hakuna kitu ulichokipima siku ile kinachoweza kuonyesha mabadiliko ya tabianchi, hata kama yapo, na yapo. Utalazimika kunakili ya wengine kurasa nzima, na utafiti wa kunakili haufiki mbali.

Umuhimu wa mada na ubora wa swali ni vitu viwili. Swali zuri ni lile ambalo miguu yako na vifaa vyako vinaweza kulijibu, na ambalo jibu lake hulijui kabla hujapima. Kwa mfano: "Je, upana na mteremko wa ufukwe vinatofautiana kwa kiasi gani kaskazini na kusini ya kuta za Mappleton?" Ni la mita mia chache tu. Lakini ndani yake kuna nadharia nzima ya mashapo yanavyosafiri kando ya pwani. Unatarajia ufukwe mnene kaskazini, mwembamba kusini. Utapima mteremko kwa fito mbili na kipima-pembe, kwa umbali sawa kutoka kituo hadi kituo, ili usije ukachagua bila kujua sehemu zinazokupendeza. Utatazama jedwali la maji kupwa na kujaa, kwa sababu upana wa ufukwe saa nne asubuhi na saa nane mchana si upana mmoja. Halafu unalinganisha pande mbili kwa jaribio la takwimu linalofaa makundi mawili, la Mann-Whitney kwa mfano. Wengi hukimbilia uhusiano wa Spearman, unaopima kama vitu viwili hupanda na kushuka pamoja, kwa kuwa ndio waliofundishwa kwanza, wakiwa na jozi sita za vipimo. Jozi sita ni chache mno.

Hapo ndipo unapoweza kuleta data za wengine kwa heshima yake. Halmashauri ya East Riding imekuwa ikipima kurudi nyuma kwa genge tangu 1951. Linganisha ulichokiona na walichokipima kabla na baada ya kuta kujengwa. Na ile tabianchi yako, kama roho haitulii bila kuitaja, ipe nafasi mwishoni, unapoeleza usawa wa bahari ukipanda hitimisho lako linaweza kubadilika vipi.

Kwenye tathmini, tafadhali, usiandike "vipimo vingekuwa sahihi zaidi kama tungekuwa na muda zaidi". Kila mtoto anaandika hivyo. Sema kosa lilielekea wapi. Kama mlipima baada ya wiki ya dhoruba, mchanga ulikuwa umevutwa baharini, basi upana wenu pengine ni mdogo kuliko wa kawaida, pande zote mbili. Je, hilo linaharibu ulinganisho? Labda sivyo, kwa kuwa pande zote zimepungua. Hiyo ndiyo tathmini.

Na la usalama, kama mama yako angekuwepo angenitangulia kulisema: usirudi huko peke yako. Genge la kusini huporomoka bila hodi, hasa baada ya mvua. Isitoshe, hapo Cowden palikuwa na uwanja wa jeshi la anga wa kufanyia mazoezi ya mabomu, na bahari inavyokula udongo mabaki yake hutokeza ufukweni. Chuma usichokijua usikiguse.

Kama data mlizokusanya siku ile hazitoshi, si lazima ung'ang'anie pwani. Kwenye mada ya mahali na maana zake umeshakutana na Doreen Massey, aliyeandika mwaka 1991 juu ya barabara ya Kilburn kule London na kuonyesha kwamba mahali hapatengenezwi na mipaka yake tu, hutengenezwa na njia zote zinazopita hapo kutoka kwingine. Wewe umeishi hilo tangu utotoni. Mtaa wenu, unaoonwa na wazee waliozaliwa hapo kwa namna moja na wahamiaji kwa namna nyingine, ni utafiti tayari, na una lugha mbili za kuhojia. Lakini uombe ridhaa ya kila unayemhoji, na usiwahoji shangazi zako peke yao.

Tumfikie baba. Hajakosea kila kitu, na usimwendee kana kwamba amekosea. Ufamasia unataka Kemia, hilo ni kweli kwa karibu kila chuo kikuu. Kama ungeniandikia kwamba unautaka kutoka moyoni, ningekwambia kimbia ukabadilishe leo. Lakini huutaki, na Kemia ya kuanza Septemba ni Kemia ya miaka miwili, yaani unarudi mwaka wa 12 wakati wenzako wako wa 13. Kurudia mwaka kwa ajili ya unachokitaka ni jambo la maana. Kurudia kwa ajili ya D moja ya majaribio, katika somo ambalo hujafundishwa bado namna ya kulijibu, ni gharama kubwa mno.

Hili la miji mikuu ndilo la kumsahihisha, na adabu haikuzuii. Kundi la Russell, vile vyuo vikuu 24 ambavyo bila shaka anavitaja mezani, lilikuwa na orodha ya masomo yanayofungua milango mingi, na Jiografia ilikuwemo pamoja na hiyohiyo Kemia. Orodha ilifutwa 2019, lakini si kwa sababu Jiografia imeshuka. Mafuriko yanayokuvuta yana waajiri: Wakala wa Mazingira wa England unaotoa tahadhari za mito na bahari, kampuni za bima zinazotaka kujua nyumba gani itafikiwa na maji, halmashauri zinazoamua wapi pajengwe na wapi pasijengwe. Na ramani anazozidharau, ndiyo, watu wanalipwa kuzichora. Shirika la Ordnance Survey linafanya hivyo tangu 1791, siku hizi kwa data na kompyuta.

Lakini nawe nikwambie ukweli wako. Ukitaka kuwa mhandisi wa mabwawa na madaraja, vyuo vitakutaka uwe na Hisabati, na huna. Jiografia na Biolojia zinakupeleka vizuri kwenye sayansi ya mazingira, ikolojia ya mito, mipango miji, au shahada ya Jiografia yenyewe, ambayo vyuo vingi huitoa kwa sura mbili, ya sanaa na ya sayansi. Soma masharti ya kozi tatu au nne unazozipenda kabla hujaketi na baba, uyachapishe. Mzazi aliyeshika karatasi hubishana kwa utulivu kuliko mzazi aliyeshika D.

Usimwendee mwenyewe, mtangulize mama. Naye akuandalie saa, anamjua mumewe. Usiombe akubali Jiografia milele. Omba muda hadi matokeo ya vuli, na umwambie utafanya nini kati ya sasa na wakati huo. Iandike upya insha ya pwani kwa dakika 25, umpe mwalimu wako aisahihishe, baba aone namba ya pili karibu na ya kwanza. Kikao cha wazazi shuleni kikifika, aende yeye, amuulize mwalimu maswali yake mwenyewe.

Swali la utafiti lisingoje hayo yote. Pendekezo lazima mwalimu aliidhinishe, na likizo haiko mbali. Mpelekee maswali mawili wiki hii, la ufukweni na la mtaani, kila moja na vitu utakavyopima chini yake, umsikie anasemaje.